Mwaka wa Tausi Aliyekataa Kufunguka

Tumemzika Fundi Mbwana juzi, na kabla udongo haujakauka watu wameshaanza kuharibu habari. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi upande wa wanawake, uani kwake Chang'ombe, na kwa kuwa kilichotutenganisha na wanaume kilikuwa turubai tu, nilisikia kila walichosema. Mmoja alisema marehemu ndiye aliyebuni tausi wa chuma, yule mwenye taa, aliyekuwa akifungua mkia kwenye ukumbi wa harusi kule Kinondoni. Mwingine akaongeza kwamba mota yake iliagizwa Ujerumani. Wa tatu, ambaye ninamjua na ninajua hakuwahi kuingia ukumbi ule, akasema tausi alikuwa akilia kabisa, sauti unaisikia barabarani. Nikaweka chini kikombe cha kahawa. Mama aliyekaa karibu nami akanishika mkono, akasema, "Pole, Dada Zuhura. Jikaze." Alidhani ninalia. Nilikuwa nimekasirika. Mota ilitoka kwenye waipa ya gari bovu. Tausi hakuwahi kulia, ingawa mwenye ukumbi alitaka alie. Na Fundi Mbwana, Mungu amrehemu, nilimpenda kama baba, lakini mchango wake mkubwa kwa yule tausi ulikuwa kumzuia asifunguke.

Basi niseme ilivyokuwa. Habari za wazazi sitaziingia; walishaondoka, na mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu wawili, Saidi na Tatu, katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga Temeke. Nyumba ile ilikuwa na korido ndefu katikati na vyumba pande zote mbili, na mlango wetu ulikuwa wa mwisho, karibu na uani, kwa hiyo kila aliyekwenda kuchota maji au kupika alipita kwetu na kuacha maneno yake. Jioni nilikuwa nikikaanga mihogo huku Tatu akitwanga pilipili, na tukawasikia kina mama wakizungumza juu yangu kama vile ukuta ulikuwa wa zege. "Msichana gani anarudi nyumbani ananuka chuma?" "Mwache, ataolewa na geti." Wakacheka. Tatu akataka kutoka akajibu. Nikamwambia apunguze chumvi, aache watu. Mpaka leo naona lile la geti lilikuwa zuri, ningelilisema mwenyewe kama lingenijia kwanza.

Nilikuwa kibarua katika karakana ya Fundi Mbwana. Tulitengeneza mageti, madirisha ya nondo, na vitanda vya chuma kwa ajili ya mabweni. Nilianza kwa kufagia na kupaka rangi, kisha nikashika mashine ya kuchomelea kwa sababu kijana aliyekuwa akiishika alihama. Mzee alikuwa mfupi, kifua kipana, kofia ya kufuma kichwani hata kwenye joto la moto, na alikuwa na desturi moja ambayo karakana nzima iliifuata. Kila asubuhi, kabla ya chai, alipita uani na kukitikisa kila kilichosimama pale. Alikamata geti kwa mikono miwili, akalitingisha kama mtu anayemwamsha mlevi. Likikaa kimya, alisema "alhamdulillahi" akaendelea. Likitoa mlio wowote, hata mdogo, aliita mashine, akavaa miwani, akachomelea pale palipolia. "Kazi yangu haitikisiki," aliwaambia wateja, na ilikuwa kweli. Kuna mageti yake Temeke ambayo nyumba zake zimeshavunjwa na yenyewe bado yamesimama. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpe kazi ya kutengeneza kitu ambacho thamani yake yote ni kucheza.

Aliyeileta kazi hiyo alikuwa Bi Thuwaiba, mwenye ukumbi. Kwao walikuwa Waarabu wa zamani mjini, wenye maduka ya vitambaa, na ukumbi wa Kinondoni alikuwa ameachiwa na mumewe. Alifika karakana na mwavuli, akakaa kwenye kiti tulichomfutia, akaeleza anachotaka. Harusi zilikuwa nyingi mwezi wa Shaaban, watu wakiwahi kabla ya mfungo, na kumbi nyingine zote zilikuwa na maua ya plastiki. Yeye alitaka tausi. Awe mkubwa kuliko mtu. Akae nyuma ya kiti cha bibi harusi, mkia umefungwa, taa zimezimwa. Bibi harusi akiingia, mkia ufunguke taratibu na uwake, unyoya baada ya unyoya. "Utengenezwe vipi mie sijui," alisema. "Ninajua utakavyoonekana." Fundi Mbwana alimwambia inawezekana kabisa, kisha akanigeukia mbele yake: "Zuhura, inawezekana?" Nikasema ndiyo. Sikujua kama inawezekana. Lakini Bi Thuwaiba alikuwa amesema pia kwamba atakayemtengeneza tausi huyo ndiye atakayeajiriwa kutunza mapambo yote ya ukumbi, kazi ya kudumu, na mimi kazi ya kudumu niliihitaji kuliko chakula.

Niliihitaji kwa sababu ya Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Kimara. Shangazi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulichosha. Alikuja kila baada ya wiki chache na kuku aliyechinjwa tayari, akakagua masikio ya Saidi, akanusa maji ya mtungi, akashusha pumzi. Alipokuja mwanzoni mwa mwaka ule alisema alichokuwa ametumwa na ukoo kusema. Saidi na Tatu wangegawanywa. Saidi kwake Kimara, Tatu kwa baba mdogo Tanga. Nikamwambia hawagawanywi. Akasema, "Mwanangu, unaunguza vyuma mchana kutwa, kibarua, leo upo kesho haupo. Wanakula nini siku haupo?" Tukabishana mpaka kuku akaungua. Mwishoni akanipa muda: nikipata kazi inayoeleweka kabla ya Ramadhani, atawaacha. Nisipopata, atakuja kuwachukua mwenyewe, na nisimfungie mlango. Shangazi alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulimchora tausi sakafuni kwa chokaa, kama tulivyochora mageti, kwa ukubwa wake halisi, na kila mteja aliyeingia alimkanyaga. Nilimchora upya sijui mara ngapi. Kiwiliwili kilikuwa rahisi, bomba jembamba lililokunjwa. Kazi ilikuwa mkia. Kila unyoya ulikuwa nondo nyembamba ndefu, na yote yalikutana chini kwenye bolti moja nene, kama vijiti vya upepeo. Bolti ile ilitakiwa ilegee kiasi: ikikazwa sana manyoya hayasogei, ikilegezwa sana yanaangukiana. Nyuma niliweka gurudumu dogo la chuma; mota ya waipa ikilizungusha, gurudumu linavuta waya za breki za baiskeli, na waya zinavuta manyoya. Kwenye ncha ya kila unyoya palihitajika jicho. Nilikusanya chupa za soda za kijani, nikazungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, nikauwasha, kisha nikazitumbukiza kwenye maji baridi zikakatika vizuri. Nyingine zilipasuka. Nyuma ya kila kitako cha chupa nikafunga balbu ndogo ya gari, kwa sababu ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme na nilitaka tausi ategemee betri, asitegemee serikali. Waya za taa zilikatika kila mkia uliposogea. Nikaziacha ndefu, zikanasa. Nikazifupisha, zikakatika tena. Leo vijana ninaofanya nao kazi wananiletea mikanda ya taa inayokunjwa kama utepe, na wanalalamika kwamba gundi yake si nzuri. Ninawasikiliza tu.

Siku ya kwanza mkia ulipofunguka wote, kwa kuuvuta kwa mkono, ilikuwa mchana, na Mama Ntilie wetu alikuwa ameleta wali maharage. Karakana nzima iliacha kula. Fundi Mbwana alizunguka tausi, akatabasamu, akanipiga begani. Nikaenda nyumbani nikiwa nimenyooka kama mtu aliyemeza mwiko. Asubuhi nilipofika, mkia haukusogea. Nikavuta, nikavuta tena. Nikainama kuangalia bolti na nikaona alama mpya za kuchomelea, safi, zimepangwa vizuri kama shanga. Mzee alikuwa amepita kwenye ukaguzi wake wa asubuhi. Alikuwa amemtikisa tausi, na tausi alikuwa amelia.

"Fundi," nikasema, "umechomelea mkia."

"Ulikuwa unacheza."

"Unatakiwa kucheza!"

"Ninajua, binti. Lakini haukucheza vizuri. Ulikuwa unacheza hovyo."

Nilikaa na grenda siku nzima nikiondoa shanga zake. Aliniletea chai mwenyewe, akasimama kando, akasema sasa ameelewa, hataugusa tena. Kisha akaniuliza kama ningekubali achomelee japo shingo. Nikamkubalia shingo.

Bi Thuwaiba naye alikuja kila wiki na wazo jipya. Alitaka kichwa kigeuke. Alitaka tausi alie, na alituonyesha kwa sauti yake mwenyewe jinsi tausi anavyolia, mpaka mafundi wa jirani wakachungulia. Akabadili rangi tulizokubaliana. Akaangalia manyoya yangu, ambayo yalikuwa bado hayajapakwa kitu, akasema, "Mbona kama kuku aliyenyeshewa?" Nilikuwa na bisibisi mkononi. Fundi Mbwana akaniangalia, akaitoa bisibisi mkononi mwangu taratibu. Baada ya kuondoka kwake nilisema maneno ambayo sitayaandika, na mzee akasema, "Huyo mama ana haki. Kweli anafanana na kuku." Niliondoka mapema siku ile, na nilipofika nyumbani Saidi akaniuliza tausi anaendeleaje. Nikamwambia tausi amekufa. Akauliza kama basi aanze kufunga nguo zake. Hakuwa anatania. Nikarudi karakana kesho yake kabla ya mtu yeyote, nikapaka manyoya rangi ya buluu na kijani, nikapanga machupa, na kuanzia hapo niliacha kusema maneno kama yale ya tausi kufa mbele ya mtoto.

Siku ya harusi ya kwanza ikafika, Shaaban ikiwa inaelekea mwisho. Ilikuwa sherehe ya wanawake peke yao, ya upande wa bibi harusi, na nilikuwa nimemwomba Bi Thuwaiba kadi moja ya mwaliko, nikampelekea Shangazi. Nilitaka aone kwa macho yake. Tausi alipakiwa kwenye pikapu alasiri, mimi nikatangulia na Saidi na Tatu ili nipange betri na pazia. Alipoletwa na kusimamishwa mahali pake, nyuma ya kiti cha bibi harusi, alikuwa mzuri, ninasema kweli. Bi Thuwaiba alimtazama kwa muda mrefu na hakusema neno la kuku. Magharibi ikapita, wageni wakaanza kuingia na mabaibui yao na manukato. Nikaingia nyuma ya pazia kumjaribu mara moja ya mwisho. Nikaunganisha mota. Mota ikanguruma, ikanguruma kwa nguvu zaidi, mkia ukatetemeka bila kufunguka, na moshi mwembamba ukapanda wenye harufu ya nywele zilizoungua. Nikachomoa waya. Mota ilikuwa imeshakufa. Nikashika mshumaa nikainama kwenye bolti, na nilikuwa najua nitakachokiona kabla sijakiona.

Fundi Mbwana alikuwa nje, kwenye dirisha la nyuma, kwa sababu mwanamume hakuruhusiwa kuingia. "Inafunguka?" akauliza.

"Umechomelea tena!"

"Nimegusa tu, binti. Kidogo tu. Alipopakiwa alikuwa anatikisika vibaya, nikaogopa atamwagika barabarani. Nilisema nitakwambia ukate."

"Na hukuniambia."

"Pikapu iliondoka haraka, na mimi nimekuja na baiskeli."

Kwa miaka yote aliyoishi baada ya hapo, hakuna siku alikubali kwamba alikosea. Alisema kosa lilikuwa la dereva. Grenda sikuweza kuitumia. Cheche kando ya yale mapazia ya satini na ukumbi umejaa watu, tungeungua wote. Nikaomba msumeno wa chuma, akanipitishia dirishani. Nikakata. Ukumbini walikuwa wameshaanza kuimba, na mimi nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gauni langu la pekee nikikata shanga za mtu aliyekuwa akininong'oneza kutoka dirishani nisiguse bolti. Nilipomaliza, mkia ulikuwa huru lakini hakuna cha kuuvuta. Nikamwambia ninahitaji kitu cha kuzungushia gurudumu kwa mkono. Akatoweka. Nikasikia vyuma vikigongwa gizani, kisha mkono wake ukaingia dirishani na pedali ya baiskeli yake mwenyewe, pamoja na kile chuma kinachoishika. Alirudi Chang'ombe usiku ule akiikokota baiskeli. Hilo nalo nilitaka wanaume wa pale msibani walijue, badala ya habari za Ujerumani.

Nikafunga pedali kwenye gurudumu. Nikazungusha, mkia ukafunguka kama upepeo. Ila swichi ya taa ilikuwa imeungana na mota, na imeungua nayo, kwa hiyo taa zilihitaji mtu wa kugusisha waya mbili kwenye betri mkia ukifunguka na kuziachia ukijifunga. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye pedali. Wadogo zangu walikuwa jikoni wanalishwa pilau na wapishi, na nje vigelegele vilikuwa vimeanza. Bibi harusi alikuwa mlangoni. Hapo ndipo pazia lilipofunuliwa nyuma yangu, akaingia Shangazi Mwanahawa, dera jipya, kanga begani.

"Nimekutafuta ukumbi mzima," alisema. "Zuhura, nimeona niseme leo leo, tusizungushane. Ramadhani hiyo imefika na kazi huna. Kesho ninakuja kuwachukua watoto."

"Shangazi, shika hapa."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Shika hizi waya. Hii hapa na hii hapa. Nikisema sasa, gusisha. Nikisema basi, achia."

"Zitanipiga!"

"Hazipigi, ni betri. Shangazi, tafadhali, anaingia!"

Alizishika. Sijui kwa nini alizishika. Labda kwa sababu nilikuwa nimemwamuru, na tangu baba afe hakuna aliyekuwa amemwamuru kitu. Nikaanza kuzungusha. "Sasa," nikasema. Mwanga wa kijani ukapita kwenye pazia, ukampaka usoni. Upande wa pili ukumbi ukalipuka. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Sauti ya Bi Thuwaiba ilikuwa juu ya zote: "Zuhura! Usisimame! Usisimame, mwanangu!" Nikazungusha. Bibi harusi alitembea kwa mwendo wa bibi harusi, hatua moja na kupumzika, na mimi jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Shangazi aligusisha na kuachia. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili hakungoja niseme.

"Wanashangilia nini?" akauliza.

"Mkia."

"Huu unaouzungusha?"

"Huu."

Akaangalia gurudumu, waya, pedali, na vidole vyangu vilivyochanika kwa msumeno.

"Na huyo mama mwenye sauti," akasema baadaye, "ndiye atakayekuajiri?"

"Akiridhika."

"Nimemsikia anakuita mwanangu." Akaachia waya, akangoja, akagusisha tena. "Na kazi yenyewe itakuwa hivi kila harusi?"

"Mpaka nipate mota nyingine."

"Na hizi waya nani atakushikia?"

"Saidi. Tatu akikua naye atashika."

Bibi harusi alikuwa amefika kwenye kiti. Nilijua kwa namna wimbo ulivyobadilika. Shangazi alijifunga kanga kiunoni, akanisukuma kando kwa nyonga, kama alivyozoea kunisukuma jikoni. "Basi wabaki," alisema, "maana mie siwezi kutoka Kimara kila Ijumaa kuja kushika waya. Sogea. Hebu kaone kazi yako, hujaiona."

Ilikuwa kweli, sikuwa nimeiona. Nikaifunga waya moja kwenye betri, nikamwachia pedali mkono mmoja na waya ya pili mkono mwingine, nikapita kando ya pazia, nikasimama ukutani kati ya wanawake waliovaa dhahabu, na gauni langu lina masizi. Mkia ulikuwa wazi juu ya bibi harusi, macho yote ya chupa yakiwaka. Nilitaka kulia. Kisha ukajifunga kwa ghafla, ukafunguka, ukajifunga tena, taa zikiwaka na kuzimika, na wageni wakazidi kupiga vigelegele wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Shangazi alikuwa akizungusha kama mtu anayefukuzwa. Nikarudi mbio nyuma ya pazia kumwambia apunguze mwendo.